Kompaila ya Lango la Ndiva

Wiki haipiti bila mmoja wenu kuniandikia: "Shikamoo Mama. Naanza mradi, programu itatumika kwenye Windows, Linux na simu. Nitumie GCC au Clang?" Marahaba. Hujaniambia mradi wenyewe ni wa nini, nani atautumia, wala ukiharibika wakati wewe uko safarini nani ataushika. Mnauliza kompaila kama mnavyouliza timu ya mpira, halafu mkishajibiwa mnakwenda kubishana vijiweni. Leo nawajibu wote kwa pamoja, kisha mniache nilishe kuku wangu.

Nimestaafu. Nilianza kuandika programu Dar es Salaam, enzi ambazo kompyuta ilikaa kwenye chumba chenye kiyoyozi na sisi tulioihudumia tukakaa nje tukitoka jasho. Nikamalizia hapa Same, kwenye chumba cha kupanga karibu na soko. Kazi ya mwisho kabisa ndiyo iliyonifundisha kuchagua kompaila. Najua ni aibu kidogo kujifunza jambo kama hilo ukikaribia kustaafu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kwa wachache ambao mmeanza jana: kompaila ni programu inayochukua msimbo, yaani maandishi yako, yale ambayo binadamu anaweza kuyasoma, na kuyageuza kuwa maagizo ambayo mashine inayaelewa; kazi hiyo tunaiita kujenga. Mashine ya ofisini ina maagizo ya aina yake, simu ina yake, na kile kibao kidogo cha umeme kinachoendesha pampu au lango kina yake. Ukitaka maandishi yaleyale yafanye kazi kote huko, unahitaji kompaila pamoja na wenzake, yaani kiunganishi, maktaba na zana za kutafuta makosa. Ikiwa huria, kama zilivyo GCC na Clang, maana yake unaweza kuichukua, kuifungua, kuirekebisha na kumpa mwenzako bila kuomba ruhusa.

Sasa kazi yenyewe. Waliokulia milimani wanaijua ndiva. Ninyi mliozaliwa karibu na stendi nawaeleza: ni bwawa la udongo lililochimbwa na watu wa zamani mlimani. Usiku hujazwa na maji ya kijito, asubuhi hufunguliwa, maji yakateremka kwa mfereji hadi mashambani, kila shamba kwa zamu yake. Ndiva yetu ipo kwenye mteremko kati ya Gonja na Maore. Watu wa juu wako karibu na lango, watu wa Maore wako mwisho wa mfereji, na hapo ndipo penye ugomvi. Lango lilikuwa tundu lenye kizibo cha mti. Ikifika zamu ya mtu wa Maore, ilimbidi apande mwenyewe alfajiri akae kando ya kizibo, kwa sababu akigeuza shingo kidogo maji yanaishia kwenye migomba ya juu.

Hamisi, mmoja wa wenzangu kazini, ni mtoto wa Maore. Mama yake, Bi Mwanaidi, alikuwa akipanda kukaa kwenye kizibo kile tangu Hamisi akiwa mgongoni. Ni mjane na shamba analima peke yake. Akikaa mlimani kulinda maji, huku chini hakuna wa kuyaelekeza kwenye matuta, yanamwagika njiani. Akibaki shambani, hayafiki kabisa. Miaka yote alivuna kwa kuchagua hasara moja kati ya hizo mbili.

Chama cha watumia maji kikakubali tuweke lango la chuma, linaloendeshwa na kibao, lifunguke na kujifunga lenyewe kwa zamu zilizokubaliwa. Watu wa juu waliweka sharti moja: lango likikosea, kwa kumpendelea mtu au kwa kuiharibu ndiva, linang'olewa na kizibo kinarudi. Kwa Bi Mwanaidi maana yake ilikuwa kurudi kukaa pale hadi miguu itakapogoma.

Kibao kilikuja na kompaila yake ya kununua. Nzuri, sikatai. Ila ilikuwa imefungwa kwenye kompyuta moja tu, na kila baada ya muda ilipiga hodi kwa wenyewe kupitia mtandao kuulizia kama bado tuna kibali. Siku moja umeme ulirudi kwa nguvu, ukaondoka na kompyuta ile. Tukaisimika kompaila kwenye nyingine, ikatukatalia. Tukaandika barua pepe, hatukujibiwa. Wakati huohuo shamba moja la Maore lilikuwa limegawanywa kwa warithi, zamu zinatakiwa kubadilishwa, na lango bado linafuata mgawanyo wa zamani. Manung'uniko yakaanza. Tulikuwa na msimbo wote tulioandika kwa mikono yetu, na hatukuweza kubadilisha hata nukta moja ikafika kwenye kibao.

Nilijiona mjinga, maana nilikuwa nimeonywa tangu ujana. Bosi wangu wa kwanza kule Dar, Mzee Salehe, mwenyeji wa Kisiwani, alikuwa na tabia ya kuudhi. Ukimwambia programu imekamilika, anakuja mezani kwako, anachomoa waya wa mtandao, anakupa kompyuta tupu na kukwambia, "Haya mwanangu, ijenge upya hapa." Ukishindwa, anauchomeka waya na kuondoka. Tulimchukia kwa hilo.

Yeye ndiye aliyenikuta siku programu yangu ya bohari ilipohamishiwa Linux. Faili liliandikwa na mashine moja, likasomwa na nyingine, na namba ambayo mashine ya kwanza iliihifadhi kwa baiti nne, yaani vyumba vinne vya kumbukumbu, ya pili iliisoma kwa baiti nane. Skrini ikaonyesha kwamba bohari letu lina mifuko ya saruji inayotosha kujenga nchi nzima na kubaki. Mzee Salehe aliitazama, akavua miwani, akasema, "Basi tuanze ujenzi." Idara nzima ilinicheka mpaka mwisho wa mwezi. Tangu hapo sijawahi kuamini kwamba namba ina ukubwa uleule kila mahali, na ninyi msiamini.

Turudi Same. Tulikuwa watatu: mimi, Hamisi, na Elinami, kijana wa milimani, mkali kwelikweli wa kompyuta na mbishi kuliko mkali. Elinami alitaka Clang. Hoja zake zilikuwa na uzito. Clang moja inaweza kujenga kwa ajili ya mashine nyingi tofauti, wakati GCC unasimika moja kwa kila aina ya mashine. Na ukikosea, Clang inakuonyesha kosa lilipo kwa lugha ya kueleweka. GCC za zamani zilikuwa zikikufokea ukurasa mzima kwa sababu umesahau nukta-mkato.

"Mama, dunia imehama," akaniambia. "Wewe umezoea tu."

"Nimezoea, ndiyo. Maktaba ya kibao umeipata wapi?"

Hapo alikwama kidogo. Kibao kinahitaji maktaba yake ndogo, na kifurushi cha GCC kwa vibao vya aina ile kilikuja nayo ndani. Kwa Clang ilibidi Elinami aitafute kando na kuiunganisha mwenyewe. Akaiunganisha, tena vizuri, ikafanya kazi kwenye laptopu yake.

"Na ukienda kuoa, nani ataijenga?" nikamuuliza.

"Nitaandika maelekezo."

"Andika. Hamisi ayafuate, na wewe usifungue mdomo."

Basi akaandika, Hamisi akakaa na kompyuta tupu. Alipofika katikati akakwama, Elinami akataka kurukia, nikampa hindi la kuchoma atafune. Lilikuwa limekosekana jambo dogo tu, faili ambalo Elinami alilipakua siku za mwanzo na kulisahau, liko kwenye mashine yake na si kwingine duniani. Sikumcheka sana, kwa sababu zamu yangu ilifuata. Programu ya ofisini ya kupangia zamu, niliyoijenga kwa GCC kwa ajili ya Windows, ilikwenda vizuri kwangu, lakini kwa karani wa chama ilikataa hata kufunguka. Karani akapiga simu: "Mama, hii programu yenu inaulizia kitu, na mimi sijui hicho kitu kinauzwa wapi." Ilikuwa ni maktaba iliyokuwepo kwangu na kwake haipo. Ikabidi niiagize kompaila ifungashe kila kitu ndani ya programu yenyewe. Kwa hiyo kabla hujampa mtu programu, ijaribu kwenye mashine ambayo haijawahi kukuona.

Elinami, akiwa bado amenuna, akasema mbona ubishi mwingi hivyo wakati hizi zote ni huria, ni sawa na msaragambo tu. Kwa wasiojua, msaragambo ni ile kazi ya pamoja ya Wapare, kijiji kizima kinatoka kusafisha mfereji na hakuna wa kumfungia mwenzake. Nikamwambia amesema kweli, lakini kwenye msaragambo kila mtu huja na jembe lake. Kompaila huria haina wa kumpigia simu umlalamikie. Kuna watu wema kwenye mabaraza yao ya mtandaoni, watakusaidia, ila watakuuliza kwanza wewe umejaribu nini.

Nikapendekeza tujenge kwa zote mbili, kila moja ikiwa imefunguliwa maonyo yote. Onyo, kwa lugha yetu ya kazi, ni kompaila kukwambia kwamba imekubali ulichoandika lakini ina wasiwasi. Vijana wengi mnayafunga kwa sababu yanajaza skrini. Elinami naye alikuwa na ugonjwa huohuo.

Hamisi ndiye aliyekuwa akijenga kwa GCC siku hiyo, toleo la kwenye kibao. Likatokea onyo moja, kwamba kuna ulinganisho kwenye mstari fulani ambao kamwe hautakuwa kweli. Clang ya Elinami ilikuwa kimya. Inaweza kuyasema hayohayo, ila ukiitaka iseme yote unaiagiza zaidi, na yeye hakuwa ameiagiza.

"Ni onyo tu," Elinami akasema. "Imejenga. Tupeleke."

Hamisi aligeukia skrini. Alifungua faili akautafuta mstari, akaukuta ni ule unaoangalia kama maji yako chini ya sifuri.

Hapa lazima mwelewe jinsi sisi tulivyopima. Fundi kutoka kwingine angepima ndiva kuanzia sakafuni, chini kabisa ndiyo sifuri, na asingekutana na namba hasi maisha yake yote. Sisi tulipima kama wenyeji wanavyopima. Sifuri yao ni mstari wa chokaa uliopigwa ukutani, juu kidogo ya sakafu. Maji yaliyo juu ya mstari ni ya watu, yanagawanywa. Yaliyo chini ya mstari huitwa maji ya ndiva yenyewe, hayana zamu na hakuna anayeyagusa, kwa sababu sakafu ya udongo ikikauka inapasuka, na ndiva iliyopasuka haishiki tena mpaka ikandikwe upya, kazi ya msimu mzima. Tulihesabu kwa vidole. Vidole vinne chini ya mstari, kwenye programu, ni hasi nne.

Ili kubana nafasi kwenye kibao, namba ile tuliihifadhi kwenye aina ndogo kabisa, iitwayo char. Kwenye kompyuta zetu za ofisini, char inakubali hasi. Kwa kibao cha aina ile, GCC na Clang zote mbili zinaihesabu char kuanzia sifuri kwenda juu, hasi hakuna. Hasi nne inageuka kuwa mia mbili hamsini na mbili. Na ile kompaila ya kununua haikutusumbua kwa sababu sisi wenyewe, siku za mwanzo, tuliibonyezea mahali fulani ikubali hasi, kisha tukasahau kama tulibonyeza.

Tulijaribu palepale mezani. Hamisi alijaza ndoo maji, akachora mstari kwa kalamu, akatumbukiza kihisi cha kupimia. Maji yakiwa juu ya mstari, kila kitu sawa. Akayapunguza kwa kikombe mpaka yakashuka chini ya mstari, na kimota cha lango, badala ya kubaki kimefunga, kikazunguka kufungua hadi mwisho. Kibao kilidhani ndiva imefurika. Tulikaa tukikitazama kikivuma pale juu ya meza, na nawaambia ukweli, niliogopa. Kama tungelipeleka lile toleo, siku ya kwanza ya ukame lango lingekausha ndiva mpaka tope.

Elinami alitaka tuiagize tu kompaila ikubali hasi, neno moja kwenye maagizo ya kujengea, yaishe. Nilikataa. Agizo kama hilo linakaa kwenye faili jingine, na siku mtu akiuchukua msimbo wetu akaujenge kwake, ataliacha. Tukabadilisha msimbo wenyewe, tukaandika int8_t kila mahali, aina inayosema wazi kuwa ni baiti moja na hasi inakubalika, kwa kompaila yoyote. Ukubwa na hasi viandike kwenye msimbo, usiviachie kompaila ikukisie.

Tukamaliza hivi: GCC ya kujengea kile kinachokwenda kazini, kwa sababu Hamisi aliweza kuisimika na kujenga yote bila mtandao na bila kumuuliza mtu. Clang ya kuusoma msimbo uleule kila tunapoubadilisha, maonyo yote wazi, kama jicho la pili. Nakala za kompaila zote mbili, na maktaba, na maelekezo, tukaziweka kwenye diski ofisini na nyingine nyumbani kwa Elinami. Hatukupandisha toleo jipya la kompaila ovyo kwa sababu tu limetoka.

Tukapeleka. Kiangazi kikaingia.

Zamu ya Bi Mwanaidi ilipofika, mahindi yake yalikuwa yametoa mbelewele, wakati ambao hindi likikosa maji ndiyo basi tena. Tulipanda asubuhi, mimi na Hamisi, kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza toleo jipya kukutana na maji machache. Tulimkuta Bi Mwanaidi ameshafika, amekaa kando ya lango kama alivyozoea, haliamini bado. Baba Mbonea, msimamizi wa maji wa watu wa juu, naye alikuwepo na wenzake kadhaa. Kijito kilikuwa kimepungua sana. Maji yalikuwa chini ya mstari.

Saa ya zamu ikafika. Lango halikusogea.

Tulisubiri. Baba Mbonea akakohoa. "Hamisi, hiyo kompyuta si inaweza kulifungua? Fungua hata kidogo. Mahindi ya mama yako yanaungua, sote tunayaona kutoka huku juu."

Mpaka leo sijui kama alikuwa anamwonea huruma au anamtega. Nadhani yote mawili. Hamisi alikuwa na laptopu magotini, waya umeshaingia kwenye kibao. Ilikuwa ni agizo moja tu la kuandika. Alinitazama mimi, mkubwa wake wa kazi. Moyoni nilitaka afungue.

Bi Mwanaidi ndiye aliyesema. "Ingekuwa zamu ya Baba Mbonea leo, ungemfungulia?"

"Hapana, mama."

"Basi funga hiyo kompyuta."

Akainuka, akajifunga kanga vizuri, akamuaga Baba Mbonea kwa heshima zote, akashika njia ya kushuka. Hamisi alilia njiani kurudi, na mimi sikujifanya sijaona. Kwa utaratibu wa chama, zamu iliyokosa maji hungoja mpaka mzunguko urudi. Uliporudi, mahindi yalikuwa yameshabeba magunzi matupu. Bi Mwanaidi aliyakata akawapa mbuzi.

Tungelipuuza lile onyo, siku ile angemwagilia. Angemwagilia, ndiva ingepasuka, lango lingeng'olewa, na mwanawe ndiye angekuwa ameliandika kosa. Nimelirudia hilo kichwani mara nyingi, na bado mahindi yale yananiuma.

Kabla kiangazi hakijaisha, zamu ya Baba Mbonea mwenyewe ilikuta maji chini ya mstari. Tulisikia kwamba alisimama pale na wenzake, akalitazama lango, kisha wakaondoka. Hakuna aliyepiga simu ofisini kutuomba lolote.

Msimu uliofuata kijito kilikuwa na maji. Zamu ya Bi Mwanaidi ilipofika, mimi na Hamisi tulipanda tena, kwa mazoea tu. Lango lilifunguka kwa wakati wake, maji yakateremka. Kando ya lango hapakuwa na mtu. Tukangoja, tukidhani amechelewa, tena Hamisi akaingiwa na hofu kwamba mama anaumwa. Akampigia simu, akaweka sauti ili na mimi nisikie.

"Mama, shikamoo. Uko wapi? Zamu yako imeshaanza, mbona hujapanda?"

"Marahaba. Niko shambani."

"Na huku lango analinda nani?"

"Nyie mnalilinda la nini?" akasema. "Ngoja nikate simu, mwanangu. Maji yanaingia."